KUFUNGA PLAGI SAWASAWA

Ndugu wafanyakazi, katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi na usalama kazini. Safari hii tunazungumza juu ya kitu kidogo cha chuma na kauri, chenye urefu wa kidole tu, ambacho kikifungwa ovyo huharibu kazi ya siku nzima na pengine injini nzima. Kitu hicho ni plagi.

Huku pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia mto Rovuma na Palma, kupitia Mocímboa da Praia, hadi Macomia na visiwa vya Quirimbas, injini za petroli tunakutana nazo kila mahali pa kazi. Kuna gari ndogo na pikapu za kubeba watu na mizigo. Kuna pikipiki, mashine za boti, pampu za maji, jenereta ndogo, misumeno ya mashine ya kukatia miti, na mashine za kufyekea majani chini ya minazi na mikorosho. Zote hizi huwaka kwa plagi. Trekta, malori makubwa na majenereta makubwa ni ya dizeli, nayo hayana plagi ya namna hii, maana dizeli huwaka yenyewe kwa joto la hewa iliyobanwa. Baadhi ya injini za dizeli zina plagi za kupashia joto asubuhi, lakini hizo ni kitu kingine na hatutazigusa hapa.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Mafundi waliojifunzia Tanzania husema plagi. Waliojifunza kwa Kireno husema vela, na spana yake huitwa chave de velas. Neno hilo vela kwa Kireno ni mshumaa, tena ni tanga la chombo. Kwa hiyo mtu akikuambia boti yake inakwenda kwa vela, muulize kwanza ni vela gani. Sisi tunapendelea boti yenye zote mbili.

Hatusemi hivyo kwa mzaha tu. Gari likizimika mjini, abiria hushuka wakasukuma. Boti ikizimika katikati ya Ibo na Matemo wakati maji yanapokwenda kwa kasi, hakuna wa kusukuma, na mkondo haungojei fundi. Mwaka 2020 maelfu ya ndugu zetu walikimbia vita kwa mashua na boti mpaka ufukwe wa Paquitequete mjini Pemba, na vyombo vingi vilikuwa vimejaa kupita kiasi. Katika safari ya namna hiyo injini inayokohoa ni hatari kwa roho za watu. Barabarani nako, tangu mapigano yalipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, kumekuwa na vipindi ambapo magari ya barabara ya N380 husafiri kwa msafara chini ya ulinzi. Gari linalozimika hapo huwaweka mashakani wote walio nyuma yake.

Jambo jingine ni fedha. Injini ikiharibika, msimamizi huuliza kwanza ni nani aliyeigusa mwisho. Mara nyingi aliyeigusa mwisho ni dereva au kibarua wa karakana aliyeambiwa abadilishe plagi haraka, bila spana ya kufaa na bila kuonyeshwa. Nyuzi za silinda hedi zikiisha anaambiwa ni uzembe wake. Kwa sababu hiyo tunataka kila mfanyakazi ajue kazi hii inavyotakiwa kufanywa, ili aifanye vizuri, na pia aweze kusema bila woga, "Kwa spana hii sifungi."

KAZI YA PLAGI

Ndani ya silinda pistoni inabana mchanganyiko wa hewa na petroli. Kwa wakati wake, umeme mkali kutoka kwenye koili unapita katikati ya plagi, unaruka pengo dogo lililo kwenye ncha, na cheche hiyo inawasha mchanganyiko. Umeme huo hufika maelfu ya volti, katika injini nyingi kati ya 10,000 na 30,000. Ndiyo maana waya ukiwa na ufa, au kauri ikiwa na chumvi, umeme huchagua njia rahisi na kupita nje, na ndani hakuwaki kitu.

Tufanye hesabu kidogo. Mashine ya boti ya mipigo miwili, yaani ile inayochanganywa petroli na oili, ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 5,000 kwa dakika hiyo. Kwa saa moja ni cheche 300,000, na kwa safari ya saa tatu ni 900,000. Injini ya gari ni ya mipigo minne, na plagi yake huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo inapata nafuu kidogo. Plagi inayokosea mara moja katika kila cheche ishirini tayari imemaliza petroli yako na nguvu ya injini.

Plagi ina kazi ya pili ambayo wengi hawaijui, nayo ni kuondoa joto. Ncha yake inatakiwa ikae kati ya nyuzi joto 450 na 850 hivi. Chini ya hapo masizi hayaungui, yanajikusanya na kuzima cheche. Juu ya hapo ncha inakuwa kama kaa la moto na kuwasha petroli kabla ya wakati. Joto hilo hutoka kwenye ncha, likapita katika nyuzi za plagi na washa yake, likaingia katika silinda hedi. Kwa hiyo plagi iliyolegea haivujishi pumzi tu. Inashindwa kutoa joto lake, inapata moto kupita kiasi, na mwisho wake unaweza kuwa pistoni yenye tundu. Mtu anasema petroli ilikuwa mbaya, kumbe plagi haikukazwa.

SOMA NAMBA KABLA YA KULIPA

Kosa la kwanza hutendeka dukani, kabla spana haijashikwa. Mtu anachukua plagi ya zamani mkononi, anatazama zinazofanana, ananunua. Plagi mbili zinaweza kufanana kama mapacha na zisifae injini moja.

Tuchukue mfano wa namba B7HS ya NGK, ambayo ni ya kawaida kwenye mashine za boti za mipigo miwili. B ya mwanzo inaeleza unene wa nyuzi, yaani milimita 14. Saba ni kiwango cha joto. H ni urefu wa sehemu yenye nyuzi, milimita 12.7. Mahali pa H pangekuwa na E, urefu huo ungekuwa milimita 19. Ukiweka plagi ya E katika tundu la H, ncha inatokeza ndani ya silinda na pistoni inaweza kuigonga mara ya kwanza unapovuta kamba. Ukiweka ya H katika tundu la E, cheche inafichika ndani ya shimo, injini inawaka kwa shida, na nyuzi za silinda hedi zilizobaki wazi zinajaa masizi. Siku utakapoleta plagi sahihi, haitaingia mpaka mwisho.

Pikipiki nyingi za aina ya Honda CG125 na zilizoigwa kutoka kwake hutumia D8EA. D hapo ni nyuzi za milimita 12, nyembamba zaidi, na hivyo zinahitaji nguvu ndogo zaidi ya kukaza. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye spana.

Sasa kuna mtego katika namba ya joto. Kwa NGK na Denso, namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi, yaani inatoa joto upesi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume: namba ikiwa kubwa plagi ni ya moto zaidi. Tena namba za kampuni moja hazilingani na za nyingine. Denso W22FS hutumika mahali pa NGK B7HS, wala 22 hiyo haina maana kwamba ni ya baridi mara tatu. Mtu anayebadilisha aina ya plagi bila kutazama jedwali la ulinganisho anacheza bahati nasibu kwa injini ya mwenzake.

Kitabu cha injini ndicho chenye neno la mwisho, na mara nyingine namba imeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti au ndani ya kifuniko cha mashine ya boti. Hapa kwetu vitabu vingi ni vya Kireno. Tafuta ukurasa unaosema velas de ignição. Neno folga ni pengo la ncha, aperto au binário de aperto ni nguvu ya kukaza, na ordem de ignição ni mpangilio wa kuwaka kwa silinda. Maneno hayo manne yanatosha kukuongoza hata kama huwezi kusoma kitabu kizima.

Tahadhari pia na plagi za bandia, maana majina makubwa huigwa sana. Tazama maandishi kwenye kauri kama yamenyooka na hayafutiki kwa kidole. Tazama kama ncha ya katikati iko katikati kweli. Katika plagi halisi ya NGK washa haidondoki yenyewe ukiigeuza. Plagi iliyoanguka sakafuni kwenye saruji usiifunge, hata kama ni mpya na huoni ufa. Kauri huweza kupasuka ndani pasipoonekana.

KUTOA YA ZAMANI

Ngoja injini ipoe. Silinda hedi nyingi za siku hizi ni za aluminiamu, na karibu mashine zote za boti na pikipiki ni hivyo. Aluminiamu ni laini kuliko chuma cha plagi, na ikiwa moto nyuzi zake hung'oka pamoja na plagi. Nusu saa ya kungoja ni nafuu kuliko silinda hedi.

Vua kofia ya plagi kwa kushika kofia yenyewe. Usivute waya. Kisha, kabla ya kufungua, safisha shimo linaloizunguka plagi. Huku kwetu shimo hilo hujaa mchanga, chumvi na vumbi jekundu la barabarani. Legeza plagi mzunguko mmoja tu, puliza kwa pampu ya baiskeli au futa kwa brashi, halafu ndipo uitoe. Chembe ya mchanga ikiingia ndani ya silinda itakwaruza ukuta kila pistoni inapopanda na kushuka.

Ikiwa plagi ni ngumu kutoka, usining'inie kwenye spana. Tia tone la oili nyepesi, ngoja, legeza kidogo, rudisha kidogo, legeza tena. Spana iwe ile ndefu ya plagi yenye mpira ndani, nayo isimame wima. Spana iliyolala upande huvunja kauri.

Katika injini yenye silinda nyingi, toa na kufunga moja baada ya nyingine, au andika namba kwenye kila waya kwa kipande cha plasta. Waya zikichanganywa injini inapiga mabomu kwenye kabureta au haiwaki kabisa. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na Land Cruiser za zamani za petroli zenye silinda sita ni 1-5-3-6-2-4. Magari mapya mengi hayana waya hizo, kila plagi ina koili yake juu. Fungua skrubu yake kwanza, kisha ivute taratibu ikiwa inazunguka.

Usitupe plagi ya zamani upesi. Itazame ncha. Rangi ya kahawia au kijivu kama udongo mkavu ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi, choki iliyosahauliwa au chujio la hewa lililoziba. Nyeusi yenye kulowa oili, kwa mashine ya boti, ni oili nyingi katika mchanganyiko. Kwa gari ni ringi zilizochoka. Ikiwa nyeupe kama chokaa, yenye vipele vilivyoyeyuka, injini inapata moto kupita kiasi: huenda petroli ni haba, maji ya kupoza hayapiti, plagi si ya namba yake, au petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Ukiona punje ndogo zinazong'aa kama fedha, zima kila kitu na umwite fundi, maana huo ni unga wa pistoni yako. Katika hali hizi mbili za mwisho plagi mpya haitibu chochote. Itaungua kama ile ya kwanza.

Kuna desturi ya kuchoma plagi kwenye makaa ili oili iungue, na nyingine ya kuisugua kwa msasa. Tunaijua sababu yake, kwani dukani plagi ni fedha na makaa yako jikoni. Lakini moto wa jiko hupasua kauri, na chembe za msasa hubaki humo na kuingia kwenye silinda. Brashi ya waya nayo huacha alama za chuma juu ya kauri, na umeme hufuata alama hizo. Kama huna plagi nyingine, ioshe kwa petroli na mswaki wa zamani, mbali na moto, iache ikauke juani, uitumie kufikia nyumbani.

PENGO

Plagi mpya haina maana pengo lake liko sawa. Ipime. Magari mengi yanataka kati ya milimita 0.8 na 1.1, na mengi ya zamani yenye pointi yanataka kama 0.6 hadi 0.8. Kitabu kitasema. Pengo likiwa kubwa mno, cheche inashindwa kuruka injini inapobeba mzigo, na koili inateseka. Likiwa dogo mno, cheche ni dhaifu na injini inatetemeka inapongoja.

Kipimo sahihi ni filageji. Kama haipo, bapa la msumeno wa chuma wa kawaida lina unene wa karibu milimita 0.65. Tumia sehemu ya katikati ya bapa, si upande wa meno. Kipimo kipite kwa kugusa kidogo, bila kulazimisha. Ukitaka kupunguza pengo, gonga ncha ya nje taratibu juu ya ubao. Ukitaka kuongeza, ivute hiyo ya nje kwa koleo dogo. Usitie bisibisi katikati ukaegemea ncha ya ndani, kwani kauri itakatika. Plagi za iridiamu na platinamu, zile zenye ncha nyembamba kama sindano, ziachwe kama zilivyotoka kiwandani isipokuwa kitabu kimeagiza vingine.

MKONO KWANZA

Hapa ndipo injini nyingi huumizwa, kwa hiyo twende polepole.

Futa kikalio cha plagi kwenye silinda hedi kwa kitambaa kikavu. Hakikisha washa ya zamani haikubaki humo. Ikibaki ukaweka plagi yenye washa yake, zinakuwa mbili, plagi inakaa juu kuliko inavyotakiwa na joto halitoki vizuri. Nyuzi ziwe safi na kavu. Wengine hupaka grisi ili plagi isigande kwa chumvi. Plagi nyingi za sasa zimekwisha kupakwa madini ya kuzuia kutu, na grisi huifanya spana iteleze, ukakaza kupita kiasi bila kujua. Kama kitabu cha mashine yako kinaagiza grisi, paka kidogo sana, isifike kwenye ncha, na upunguze nguvu ya kukaza kwa karibu theluthi moja.

Sasa weka spana chini. Plagi inaanzwa kwa vidole. Kama shimo ni refu na vidole havifiki, chukua kipande cha mpira wa petroli cha urefu wa shubiri, kichomeke juu ya kauri, na uzungushe plagi kwa mpira huo. Uzuri wake ni kwamba nyuzi zikipishana mpira unateleza. Spana haitelezi, yenyewe hukata nyuzi mpya upande na kuendelea.

Izungushe kwanza kinyume, kama unayefungua, mpaka uisikie imeshuka mahali pake kwa mguso mdogo. Hapo nyuzi zimekutana. Geuza upande wa kufunga. Iende kwa vidole mpaka iguse kikalio. Ikikataa baada ya mzunguko mmoja au miwili, usiilazimishe. Itoe, safisha, anza tena. Plagi iliyoanzwa vizuri haihitaji nguvu mpaka imefika chini.

Spana inaingia mwishoni tu. Plagi mpya yenye washa bapa, ikiisha kugusa kwa vidole, ongeza nusu mzunguko, na kwa nyuzi za milimita 14 isizidi theluthi mbili. Utaisikia washa ikibonyea. Plagi iliyokwisha kutumika, ambayo washa yake imeshabonyea, inatosha moja ya kumi na mbili ya mzunguko, yaani mwendo wa akrabu ya saa kutoka kumi na mbili hadi moja. Plagi isiyo na washa, yenye kikalio cha mshazari kama kinavyoonekana kwenye Ford nyingi, haitaki zaidi ya moja ya kumi na sita. Hiyo ikikazwa kama ya washa hubana kama kabari, na kuitoa ni balaa.

Karakana yenye spana ya kupima nguvu iweke kama Nm 25 kwa plagi ya milimita 14 yenye washa katika silinda hedi ya aluminiamu, kama kitabu hakikutaja namba nyingine. Kwa asiye nayo, hiyo ni sawa na kuuvuta mwisho wa mpini wa sentimita 25 kwa nguvu ya kuinua ndoo ya maji ya lita kumi. Ile ya pikipiki ya milimita 12 ni pungufu ya hapo, kati ya Nm 15 na 20. Kijana mwenye mikono ya kubeba magunia ya korosho hafiki hapo kwa jasho. Anafika kwa vidole vitatu. Bomba la kurefusha mpini halina kazi kabisa kwenye plagi.

Nyuzi zikiwa zimekwisha kuliwa, msizifiche kwa uzi, utepe au gundi. Kuna dawa yake: fundi hutoboa tundu, hukata nyuzi kubwa zaidi, kisha huingiza nyuzi mpya za chuma. Kazi hiyo ifanywe silinda hedi ikiwa imefunguliwa, ili vipande visianguke ndani. Plagi iliyogandishwa kwa gundi hutoka siku moja kama risasi.

KUJARIBU CHECHE BILA KUJICHOMA

Wengi hujaribu plagi kwa kuitoa, kuiegemeza kwenye injini na kuvuta kamba. Cheche inaonekana, lakini tundu la plagi liko wazi linapuliza mvuke wa petroli, na pembeni kuna dumu la lita ishirini. Ndani ya boti usifanye hivyo kamwe. Nchi kavu, sogeza dumu, fungua kifuniko ili upepo upite, funga bomba la petroli, ziba tundu kwa kitambaa, na uiegemeze plagi kwenye chuma mbali na tundu hilo. Usiishike kwa mkono mtupu. Umeme wa koili hutikisa mtu, na aliyesimama kwenye ukingo wa boti anaweza kuanguka majini.

CHUMVI

Pwani ina adui ambaye fundi wa Nampula hamfahamu sana. Hewa yenye chumvi hula kofia ya plagi kwa ndani, mpira unapasuka, na usiku ukitazama unaona umeme mwembamba ukitambaa juu ya kauri. Futa kauri kwa kitambaa kikavu kila wiki. Kofia iliyopasuka ibadilishwe, isifungwe kwa mpira wa baiskeli. Hakikisha pia inaingia mpaka isikike imeshika. Nusu ya "plagi mbovu" zinazoletwa karakana ni kofia zisizoshika, ingawa hesabu hiyo ni ya macho yetu tu, si ya daftari.

Daftari lenyewe, hata hivyo, tunalitaka. Kila gari, boti na pampu ya kazini iwe na ukurasa wake: tarehe ya kubadilisha, namba ya plagi iliyotolewa, namba ya iliyowekwa, rangi ya ncha, jina la aliyefunga na la aliyemtuma. Kama uliomba spana ya kufaa ukanyimwa, andika hilo pia siku hiyo hiyo. Wiki tatu baadaye, injini ikifa na maswali yakianza, maandishi yatakuwa shahidi wako kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Na kwa ndugu wa baharini: plagi za akiba zipimwe pengo zikiwa nchi kavu, kwa kuwa hakuna anayeweza kupima kwa filageji kwenye mawimbi ya kusi. Zitie katika chupa ya plastiki yenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana, pamoja na kitambaa kikavu na kipande cha mpira wa petroli. Spana ya plagi ifungwe kwenye boti kwa kamba, mahali ambapo mtu anaifikia gizani. Kasia na tanga vikae pale pale vilipokuwa siku zote.